Sura ya Nne: Ukuta wa Uhehe, Paa la Unyakyusa

Fundi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, siku hizi huletewa ramani kwenye simu. Anaonyeshwa picha ya nyumba inayopendeza macho: paa limefichwa nyuma ya ukuta, madirisha mapana ya aluminiamu yamezunguka pande zote, dari liko juu, na korido imekata nyumba katikati. Mara nyingi picha hiyo imechorwa kwa ajili ya joto la Dar es Salaam. Pwani, madirisha ya pande zote yana kazi, kwa sababu yanavuta upepo. Lakini Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na upepo uleule ambao mtu wa Sinza, Dar es Salaam, anautafuta, mtu wa Mwanjelwa anaufungia mlango.

Matokeo yake anayajua kila aliyewahi kulala katika nyumba ya namna hiyo mwezi wa Saba. Alfajiri bati linatoa jasho na matone yanadondoka kwenye jipsamu. Ukuta wa upande wa kusini una unyevu na rangi inabanduka. Usiku watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, na hapo ndipo hatari inapoanza. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Nyumba iliyojengwa kwa ramani ya mahali pengine huwadai wenyewe mkaa, blanketi, na wakati mwingine uhai.

Sura hii inahusu nyumba ndogo, ya chini ya mita za mraba 70, inayoweza kujengwa kwenye kiwanja cha kawaida cha Mwanjelwa, Ilomba au Iyunga, yenye umeme, maji ya bomba na choo cha ndani. Mambo yake makuu nimeyachukua kwa majirani wawili wa kale. Ukuta nimeuchukua Uhehe. Paa nimelichukua Unyakyusa.

Majirani wawili, mvua mbili

Tembe la Wahehe ni nyumba ndefu, nyembamba, ya pembe nne. Kuta zake ni za miti na udongo, nene, na paa lake ni bapa: miti imelazwa, juu yake fito na nyasi, kisha tabaka la udongo. Vyumba vimepangwa kwa mstari, na familia ikiongezeka mstari unarefushwa au unakunjwa kuzunguka ua. Madirisha ni madogo au hayapo. Nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya nyanda za Iringa, ambako mvua ni ya wastani, kiangazi ni kirefu na usiku ni wa baridi kali. Udongo mzito juu na pembeni hufyonza joto la mchana polepole na kulitoa usiku, kama chungu kinavyobaki na moto baada ya kuepuliwa. Wahehe waliuamini udongo na jiwe hata katika vita. Ngome ya mtawala wao Mkwawa pale Kalenga ilizungushiwa ukuta, na Wajerumani walipoishambulia Oktoba 1894 walilazimika kuleta mizinga.

Ukishuka Tukuyu mambo yanabadilika. Miteremko ya Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Paa bapa la udongo lingeyeyuka kabla masika hayajaisha. Kwa hiyo Wanyakyusa walijenga kwa mianzi, wakaikandika udongo, na juu wakaweka paa la nyasi lenye mwinuko mkali, lililoshuka mbele ya ukuta ili maji yadondoke mbali na udongo. Msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwishoni mwa miaka ya 1870, alizisifu sana nyumba hizo na usafi wa vijiji vyao. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa na kueleza jambo ambalo mchoraji wa nyumba hapaswi kulipita haraka: wavulana waliokaribia kubalehe walihama kwa baba zao, wakajijengea vibanda vidogo kando kando, na vibanda hivyo vikakua kuwa nyumba kamili, na kundi lile likawa kijiji, kadiri wenyewe walivyokua na kuoa. Nyumba ilianza ndogo kwa makusudi. Ng'ombe nao walikuwa na sehemu yao ndani ya nyumba ndefu, kwa sababu mali hailali nje.

Mwanjelwa iko katikati ya majirani hawa. Mvua yake, takribani milimita 900 kwa mwaka, karibu yote huanguka kati ya Novemba na Aprili. Hiyo ni nyingi mno kwa paa la tembe. Baridi yake nayo ni kali mno kwa ukuta mwembamba. Ndiyo maana nyumba ya hapa inahitaji urithi wa pande zote mbili, na anayenakili upande mmoja tu ataumia.

Kuna hatari ya kunakili kutoka mbali pia. Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijijini kwao Gando mwaka 2001 kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, akainua paa la bati juu ya dari ili hewa ya moto itoroke. Mwaka 2022 alipata Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za ghorofa moja juu, zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu. Kazi zote mbili ni za kusifiwa, na zote mbili zimetibu joto. Ukiileta Mbeya nyumba inayopitisha hewa mchana na usiku, umeleta dawa ya ugonjwa ambao mgonjwa wako hana. Cha kujifunza kwa Kéré ni jinsi alivyofikiri: alianza na udongo uliopo, mafundi waliopo na hali ya hewa iliyopo.

Jua liko wapi mwezi wa Saba

Kabla ya kuchora chumba chochote, simama kwenye kiwanja ujue kaskazini iko wapi. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, kwenye mwinuko wa nyuzi kama 58. Desemba linahamia kusini, lakini liko juu sana, nyuzi kama 75, kiasi kwamba upenuo mfupi tu unatosha kulizuia.

Hesabu hii ndogo ina thamani kuliko vigae vya sebuleni. Dirisha linalotazama kaskazini litaingiza jua ndani wakati wa baridi, bure, na halitaingiza jua la Desemba. Dirisha la kusini halitaona jua kabisa kipindi cha baridi, na mara nyingi ndilo litakalopokea upepo wa kusini-mashariki unaovuma Juni hadi Agosti. Kwa hiyo nyumba yetu ni ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, kama tembe lililolala. Ubavu wake wa kaskazini una madirisha makubwa. Ubavu wa kusini una madirisha madogo ya choo na bafu tu.

Najua pingamizi litakalokuja: kiwanja kinatazama barabara, na barabara iko kusini. Mlango unaweza kutazama barabara. Si lazima madirisha ya vyumba yaufuate mlango. Wahehe walifungua milango uani na kuuachia ulimwengu wa nje ukuta mtupu, na hakuna aliyewaona kuwa hawana adabu.

Ukuta

Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba Watanzania wanasubiri saruji na bati wakati wana udongo wa tofali la kuchoma na vigae chini ya miguu yao. Nyanda za Juu Kusini zilimsikia kuliko sehemu nyingi. Kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya, tofali la kuchoma ndilo la kila mtu. Wamisionari waliolieneza, Wamoravian pale Rungwe tangu 1891 na Wakatoliki pale Tosamaganga, waliacha majengo ambayo yanasimama mpaka leo.

Tofali hilo lina faida mbili: ni zito, hivyo linatunza joto, na fundi yeyote analijua. Ubaya wake ni kuni. Tanuru moja linakula magogo mengi, na matofali ya pembeni hutoka mabichi, yakinyeshewa yanamomonyoka. Mbadala upo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, kwa miaka mingi umefundisha vijana kufyatua matofali ya kufungamana: udongo wa kiwanjani, saruji kidogo, mashine ya mkono, kisha kuyamwagilia na kuyafunika mpaka yakomae. Hayachomwi. Yanapangwa kwa kuingiliana, hivyo udongo wa kujengea unaotumika ni kidogo sana.

Ushauri wangu ni kuchanganya. Kuta za nje zijengwe kwa tofali la kuchoma lililolazwa, unene wa sentimita 20 hadi 25. Kuta za ndani zijengwe kwa tofali la kufungamana la sentimita 15. Upande wa magharibi usiogope kuuacha ukuta mtupu na mnene: jua la alasiri litaupasha, na joto litawafikia walalao ndani mida ya saa nne au tano za usiku, wakati hasa wanapolihitaji. Lipu ya nje iwe nyembamba na ipakwe chokaa au rangi inayoruhusu ukuta kupumua. Chini, msingi wa mawe upande hadi nusu mita juu ya ardhi, na juu yake itandikwe nailoni nzito kabla ya tofali la kwanza, ili unyevu usipande.

Hapa kuna jambo ambalo mababu walilijua kwa miti na sisi tumelisahau kwa tofali. Mbeya imekaa mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana: lile la Rukwa, la Nyasa na la Usangu. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, moja ya matetemeko makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki. Nyumba ya mianzi na fito huyumba ikarudi. Nyumba ya tofali isiyofungwa hupasuka pembeni na kuangukia watu. Kwa hiyo mkanda wa zege wenye nondo uzunguke nyumba nzima usawa wa lenta, bila kukatika, na nondo za wima zisimame kwenye kila kona. Fundi akikwambia lenta ya juu ya dirisha peke yake inatosha, tafuta fundi mwingine.

Paa

Paa lililofichwa linahitaji mifereji ya ndani, nyuma ya ukuta, mahali ambapo jani moja likiziba maji yanarudi darini. Mvua ya Mbeya ya Januari haina huruma na mfereji wa namna hiyo. Nyumba yetu ina paa la mgongo wa tembo, lenye mwinuko wa nyuzi 25 hadi 30 na miteremko miwili iliyo wazi kwa macho. Ni paa lisilo na siri: likivuja utaona wapi.

Nyasi sizipendekezi. Zinahitaji kubadilishwa, zinashika moto, na katika mitaa iliyobanana kama yetu cheche moja inaweza kuchukua nyumba kumi. Tunachochukua Unyakyusa ni mwinuko na upenuo. Upande wa kusini upenuo utoke mita moja nzima, kuulinda ukuta na mvua ya upepo. Upande wa kaskazini utoke sentimita 60 tu, ili usilifukuze jua la Juni tulilolihangaikia.

Chini ya bati ndipo fedha inapaswa kwenda. Nyasi zilikuwa blanketi la paa. Bati halina blanketi, kwa hiyo tunaliwekea. Badala ya jipsamu tupu, pigilia dari la mbao za paini zinazoingiliana, zifuate mwinuko wa kenchi sebuleni na ziwe bapa vyumbani, na juu yake tandaza godoro la sufi ya madini au karatasi nene ya kuakisi joto. Acha nafasi ya hewa kati ya hiyo na bati, jasho la alfajiri likauke. Paini hatuna haja ya kuiagiza: shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, ni kubwa kuliko yote nchini, na mbao zake hupita Mwanjelwa kila siku. Sharti ni moja: nunua iliyokauka na iliyotiwa dawa. Mbao mbichi itapinda na kenchi nzima itapinda nayo.

Mianzi pia ina nafasi yake, kama dari la baraza au uzio wa ua. Zamani moshi wa jikoni ndio uliofukuza wadudu kwenye mianzi. Nyumba isiyo na moshi lazima itafute njia nyingine: kata mianzi iliyokomaa wakati wa kiangazi, iloweke, kisha itie dawa ya boraksi. Mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi waachie wenye ulanzi.

Paa la nyumba hii, pamoja na upenuo, lina eneo la karibu mita za mraba 95. Kwa mvua ya milimita 900, na tukitoa moja ya tano inayopotea, ni lita zaidi ya 65,000 kwa mwaka. Tenki la lita 5,000 kwenye kona litajaa mara nyingi kabla ya Aprili.

Ramani yenyewe

Nyumba ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 5.5. Mashariki kabisa ni jiko, lenye dirisha la kupokea jua la asubuhi na dohani ya kweli ya matofali inayotoka juu ya paa. Anayetaka kuota moto ataota hapo, moshi na gesi vikienda nje. Ukuta wa dohani ndio ukuta wa sebule, hivyo joto la kupika linafika kwa walioketi.

Sebule inafuata, ikichukua upana wote wa nyumba, na dirisha pana la kaskazini. Kisha chumba cha watoto, na mwisho wa magharibi chumba cha wazazi, vyote vikitazama kaskazini. Nyuma ya vyumba hivyo, upande wa kusini, kuna kijia chembamba chenye makabati ukutani, na mwisho wake choo na bafu. Mkanda huo wa kijia, makabati na bafu ni koti la nyumba: upepo wa kusini unakutana na nguo na mashuka kabla ya kukutana na watu.

Baraza liko kona ya kaskazini-mashariki, mbele ya jiko, lisizibe dirisha la sebule. Mbele ya kiwanja, usawa wa barabara, simamisha fremu ndogo ya biashara ya mita tatu kwa tatu. Katikati ya fremu na nyumba patakuwa ua uliokingwa, wa kuanika mahindi, kufulia na kukalia jua. Wengine wataona fremu inaharibu sura ya nyumba. Mnyakyusa aliyelala jengo moja na ng'ombe wake asingewaelewa. Nyumba ya Mwanjelwa ina duka la vitenge, cherehani, au bodaboda inayotakiwa kulala ndani, na ramani isiyoipa mali mahali imechorwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nyumba inayorefuka

Watu wengi hapa hujenga kwa vipande, mwaka hadi mwaka, lakini hutumia ramani inayotaka kumalizika kwa mkupuo. Ndiyo maana kuna maboma mengi yasiyo na paa yanayonyeshewa miaka. Tembe na kibanda cha kijana wa Kinyakyusa vinatufundisha kinyume chake: kila hatua iwe nyumba kamili.

Awamu ya kwanza ni jiko, sebule na chumba kimoja, urefu wa mita 8.6, vikiezekwa na kukaliwa. Choo cha muda kinakuwa uani, karibu na tenki. Upande wa magharibi fundi anaacha matofali ya meno na ncha za nondo za mkanda, zikiwa zimefunikwa zisishike kutu. Awamu ya pili inaongeza chumba cha wazazi, bafu na mwisho wa kijia. Paa la mgongo wa tembo linarefuka kwa kuongeza kenchi na bati mwishoni, bila kubomoa. Paa la pande nne, na lile lililofichwa, hayana wema huo. Peleka ramani nzima ya awamu zote mbili ofisi za Jiji unapoomba kibali, ili usirudi kuomba upya.

Mchoro huu ukienda Tukuyu, ongeza mwinuko wa paa na upenuo. Ukienda Iringa, nenepesha ukuta na punguza madirisha. Ukienda Kyela, ambako ni joto, uache kabisa, uanze upya. Popote uendapo, usimlipe fundi senti kabla hujamtaka akuonyeshe kwenye ramani mambo manne: jua la Juni linaingilia wapi, upepo wa kusini unazuiwa na nini, maji ya paa yanakwenda wapi, na chumba kitakachofuata kitaungwa upande gani. Ramani isiyojibu hayo, hata iwe na picha nzuri namna gani, irudishe kwa aliyeichora.